Anayefuta Kiti Naye Afundishwe

Hatari kubwa katika kitengo cha kusafisha damu haiko katika zile saa nne ambazo mgonjwa ameketi na mashine inazunguka. Iko katika nusu saa ya katikati, baina ya mgonjwa anayeondoka na mgonjwa anayeingia. Wa kwanza amechomolewa sindano; amebana pamba mkononi akingoja damu ikome. Wa pili yuko nje ya mlango. Ametoka Ujiji kwa bodaboda tangu alfajiri, au ametoka kijiji cha mwambao kwa boti jana yake na kulala kwa ndugu zake Mwanga, na kila dakika inayopotea humchelewesha kurudi. Muuguzi ana mashine nyingine mbili zinazolia. Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu, mwenye ndoo na kitambaa, ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya mafunzo. Anafuta kiti, anafuta meza, anaondoka. Mgonjwa wa pili anakalishwa.

Katika dakika hizo chache limeamuliwa jambo zito kuliko mengi yanayoamuliwa katika vikao vya hospitali: iwapo damu ya mtu wa kwanza imebaki pale, au imeondolewa. Nayo huwa haionekani kwa macho. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, katika tone dogo ambalo hata mwenye macho makali hatalitambua.

Huduma ya kusafisha damu ilikuwa kwa miaka mingi jambo la miji mikubwa. Mgonjwa wa figo wa Kigoma aliyeambiwa kwamba figo zake zimefikia mwisho alikuwa na hiari mbili tu, kuhama au kufa. Waliohama walikwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, wakapanga chumba karibu na hospitali na kuishi humo hadi fedha za ukoo zilipokwisha. Kusogezwa kwa huduma hii kuelekea hospitali za rufaa za mikoa ni jambo la heri lisilo na ubishi. Kwa mkoa wenye watu wanaokaribia milioni 2.5 kwa sensa ya mwaka 2022, unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, heri hiyo ina uzito wa pekee.

Ila kuna kasoro katika namna heri hiyo inavyohesabiwa. Siku ya uzinduzi zinahesabiwa mashine. Wageni wanaoneshwa viti vipya, mitambo ya maji na vipoza hewa, na picha zinapigwa. Haulizwi ni watu wangapi watakaogusa viti hivyo, na ni wangapi kati yao wamefundishwa kuvigusa. Iwapo maambukizi yataingia katika kitengo cha Dar es Salaam, wagonjwa wanaweza kugawanywa katika vitengo jirani kwa siku chache huku usafi ukifanyika. Kitengo cha Kigoma kikifungwa, jirani yake yuko mkoa mwingine, na mgonjwa asiyesafishwa damu kwa wiki moja huenda asiifikie wiki ya pili. Kwa hiyo pale penye kitengo kimoja, kinga ya maambukizi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuingia katika chumba hicho, inafaa kueleza kwa nini kinatofautiana na wodi nyingine. Mashine huvuta damu kwa kasi ya takribani mililita 300 kwa dakika, huipitisha katika kichujio na kuirudisha mwilini. Katika saa nne lita 72 za damu hupita katika mirija. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, yaani damu yake yote hutoka nje ya mwili na kurudi zaidi ya mara 14 katika kikao kimoja. Vikao ni vitatu kwa wiki, 156 kwa mwaka. Mwenye kutumia sindano mbili kila kikao huchomwa mara 312 kwa mwaka. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hufunguliwa mwili mara moja na kidonda kikapona; mgonjwa huyu hufunguliwa mwili kila baada ya siku mbili, katika chumba kimoja na wenzake kadhaa wanaofunguliwa wakati uleule, kwa mikono ileile ya wauguzi walewale. Juu ya hayo, figo zinaposhindwa kazi, kinga ya mwili nayo hudhoofika.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1969 na 1970 homa ya ini ilizuka katika kitengo cha figo mjini Edinburgh, Uingereza, ikaua wagonjwa na watumishi wa hospitali pia. Vitengo vingine vya Ulaya na Marekani navyo viliandamwa na ugonjwa huo. Nchini Marekani, mwaka 1974, wagonjwa wapya wa homa ya ini B miongoni mwa waliokuwa wakisafishwa damu walikuwa zaidi ya 6 katika kila 100 kwa mwaka, na watumishi wa vitengo hivyo waliambukizwa kwa kiwango kinachokaribia hicho. Mwaka 1977 ukatolewa mwongozo: wagonjwa wote wapimwe, wenye kirusi watengwe kwa chumba na mashine, kifaa cha mgonjwa mmoja kisimfikie mwingine, glovu zibadilishwe, viti vifutwe kwa kipukusi baada ya kila mgonjwa. Kufikia mwaka 1980 maambukizi mapya yalikuwa yameshuka hadi kama mtu 1 katika 100.

Tarehe hizo zastahili kutazamwa mara mbili. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutumika huko mwaka 1982. Maambukizi yalishuka kabla ya chanjo kuwapo. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Palikuwa na watu waliofundishwa kufanya mambo ya kawaida kwa namna ileile kila siku, na waliosimamiwa wakiyafanya. Wanaodai kwamba kinga ya maambukizi katika mikoa ya pembezoni lazima ingoje vifaa vya kisasa hawana budi kuijibu hoja hiyo.

Tanzania haina upungufu wa miongozo. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kinga na udhibiti wa maambukizi mwaka 2004 na kuuhuisha mwaka 2018. Tatizo liko katika safari ya maneno kutoka kwenye kitabu hadi kwenye mkono wenye kitambaa. Safari hiyo mara nyingi hupitia ukumbi wa hoteli. Watumishi wawili au watatu wa kitengo huteuliwa, kwa kawaida daktari, muuguzi mkuu na yule ambaye zamu yake ya kupata posho imefika. Wanasikiliza mada kwa siku tatu, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza, wanapewa vyeti, wanarudi. Ripoti huandikwa kwamba kitengo kimefundishwa. Baada ya miezi kadhaa mmoja anahamishwa wilaya nyingine, mwingine anakwenda masomoni, na kitengo kinabaki na vyeti vya watu wasiokuwapo.

Lakini hata wangebaki wote, kuna mtu ambaye semina hiyo haikumgusa kabisa. Mhudumu wa usafi katika hospitali nyingi za umma siku hizi si mwajiriwa wa hospitali. Ni wa kampuni iliyoshinda zabuni. Analipwa kidogo, anabadilishwa mara kwa mara, leo yuko wodi ya wazazi, kesho maabara, keshokutwa kitengo cha kusafisha damu. Alipoanza kazi alioneshwa stoo ya ndoo. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba kiti hiki si sawa na benchi la mapokezi. Hali hiyo si kosa la mwanamke yule anayesukuma ndoo. Ni kosa la waliopanga mafunzo kwa kufuata ngazi ya elimu badala ya kufuata njia inayopitwa na kirusi. Kirusi hakisomi vyeo.

Ajue nini mtu huyo? Si mambo mengi, ila kila moja lina sababu yake, na asiyeelezwa sababu huiacha kanuni siku ya kwanza ya haraka. Ajue kuchanganya klorini. Dawa ya dukani, ile ambayo wengi huiita Jiki kwa jina la kampuni, ikiwa na nguvu ya asilimia 3.5, huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili kupata nguvu ya asilimia 0.5, inayotosha kuua virusi katika damu iliyomwagika. Akizidisha maji, anafuta kwa maji yenye harufu tu. Akipunguza maji, anababua mikono yake na kuharibu kiti. Ngozi ya kiti ikichanika, damu hupata mahali pa kujificha ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Ajue pia kwamba mchanganyiko wa jana si wa leo, kwa sababu klorini hupungua nguvu kwa muda, kwa joto na kwa mwanga wa jua. Ndoo iliyochanganywa Jumatatu na kuwekwa dirishani penye jua la Kigoma haina kazi Jumatano.

Ajue kwamba damu iliyomwagika hukaushwa kwanza kwa kitambaa au karatasi, kisha ndipo pahala pale palowanishwe kwa dawa na kuachwa palowe kwa dakika 10, kwa kuwa kipukusi kinachofutwa papo hapo hakijapata muda wa kuua. Ajue kufuta kutoka juu kwenda chini, kutoka pasafi kwenda pachafu, bila kurudisha kitambaa kilichotumika kwenye ndoo ya dawa safi. Asisahau mahali panaposahaulika na wote: sehemu ya kuwekea mkono, upande wa chini wa meza, vitufe vya mashine, kamba ya mashine ya kupimia presha. Na kubwa kuliko yote, ajue kutoanza kufuta hadi mgonjwa atakapokuwa ameondoka kitini. Kufuta kiti huku mtu angali amekikalia ni mazoea yanayozaliwa na haraka, na haraka hiyo huwekwa na ratiba, wala si na mhudumu. Kitengo ambacho hakijaacha nafasi baina ya zamu mbili kimeshaamua kwamba kiti hakitasafishwa, hata kikiwa na mhudumu hodari namna gani.

Mambo hayo hufundishika kwa saa moja, penye kiti, kwa Kiswahili, na palipo na Muha aliye hodari zaidi kwa Kiha, basi kwa Kiha. Si dharau kufanya hivyo. Mfumo wa kuboresha mazingira ya kazi ulioletwa katika hospitali za Tanzania kutoka Japani ulishika mizizi kwa kiasi kikubwa kwa sababu mtu fulani alikaa chini na kuupa maneno ya Kiswahili yanayokumbukika: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Leo hata mlinzi wa getini anaweza kuyataja. Hatua za kufuta kiti cha kusafishia damu bado hazijapewa heshima hiyo.

Wauguzi nao wasidhani kwamba wamesalimika kwa kuwa wana cheti. Jambo moja lastahili kutajwa, nalo ni kichupa cha heparini. Dawa hii ya kuzuia damu kuganda huja katika kichupa chenye dozi nyingi, na ni rahisi, tena huonekana ni busara ya kubana matumizi, kukizungusha katika sinia kutoka kiti hadi kiti. Sindano iliyomgusa mgonjwa mmoja ikirudi mara moja tu ndani ya kichupa, wote wanaofuata wamechangia damu. Milipuko ya homa ya ini B na C katika vitengo vya kusafisha damu imefuatiliwa mara nyingi hadi kwenye vichupa na sinia za namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Kolombia, wagonjwa kadhaa wa kitengo kimoja waliambukizwa VVU, na uchunguzi ukaelekeza kwenye sindano zilizolowekwa pamoja katika beseni la kipukusi dhaifu na kutumika tena. Waliofanya hivyo hawakuwa waovu, walikuwa wakibana matumizi. Dawa iandaliwe katika meza safi iliyo mbali na viti, dozi ya kila mgonjwa ivutwe kwa sindano mpya na kupelekwa kwake peke yake, na kitu kilichofika kitini kisirudi mezani.

Hapo linafuata suala la chanjo, ambalo watumishi wengi wa Kigoma wanalichukulia kana kwamba limekwisha. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Hesabu ni nyepesi: muuguzi aliyezaliwa mwaka 1990 hakuipata utotoni, wala mhudumu wa usafi aliyezaliwa mwaka 1998, wala takribani mgonjwa yeyote mtu mzima aliyeketi kwenye kiti. Wote hao wanahitaji kupimwa na, wasio na kinga, kuchanjwa. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia 30 katika 100. Kwa VVU ni kama 3 katika 1,000. Bado mtumishi aliyechomwa sindano humkimbilia mshauri wa VVU akitetemeka, na la homa ya ini halimpiti akilini. Chanjo ya mgonjwa wa figo nayo hutaka kipimo maradufu cha dawa, kwa kuwa mwili wake huitikia kwa shida, na ni vyema aipate mapema, kabla figo hazijafikia hatua ya mashine.

Upimaji wa wagonjwa una upande mwingine unaohitaji busara. Mwenye homa ya ini B anapaswa kuwa na chumba chake na mashine yake, na muuguzi anayemhudumia asiwahudumie kwa wakati uleule wagonjwa wasio na kinga. Mwenye VVU hahitaji kutengwa hivyo, wala mwenye homa ya ini C. Tahadhari za kila siku zikifuatwa sawasawa zinatosha. Tofauti hii isipofundishwa, vitengo hufanya kinyume: anayeishi na VVU husukumwa kona ya mwisho na kuhudumiwa kwa glovu mbili mbili, kila mwenye kupita akajua hali yake, huku mwenye homa ya ini B ambaye hakupimwa akikaa katikati ya wenzake. Katika mji ambao watu wanajuana kwa koo na kwa msikiti, kuvuja kwa siri ya namna hiyo kunaweza kumfanya mtu aache matibabu. Hofu isiyo na elimu ina madhara sawa na uzembe.

Maji nayo yana mtu wake aliyesahauliwa. Kila kikao hutumia lita 120 hivi za maji, yakitenganishwa na damu ya mgonjwa kwa utando mwembamba tu. Mtu mwenye afya hunywa lita 14 hivi kwa wiki, nazo hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika popote. Mgonjwa huyu hukutanishwa na lita 360 kwa wiki pasipo kizuizi hicho. Maji ya bomba ya Kigoma-Ujiji hutoka ziwani. Ni maji yanayofaa kunywewa yakishatibiwa, lakini yanayofaa kunywewa si lazima yafae kusafisha damu; hata klorini inayoyafanya salama bombani ni sumu ikifika katika damu. Mwaka 1996 huko Caruaru, nchini Brazili, maji ya bwawa lililojaa mwani yaliletwa kwa gari katika kituo cha kusafisha damu wakati wa uhaba, bila kutibiwa ipasavyo. Wagonjwa zaidi ya 100 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa kwa ini kuharibika. Fundi wa vifaa tiba anayesimamia mtambo wa maji ndiye anayepaswa kupima klorini kila siku kabla ya zamu ya kwanza na kupeleka sampuli maabara ili bakteria wahesabiwe. Umeme unapokatika na maji kutuama katika mabomba, bakteria hawalali. Fundi huyu, kama mhudumu wa usafi, huonekana ni mtu wa nje ya tiba. Na yeye akae katika darasa lilelile, siku ileile, na wauguzi.

Kigoma ina kumbukumbu yake yenyewe ya mafunzo yaliyofika kwa wote. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa, na kipindupindu kikazuka. Wagonjwa walipita 3,000, na watu wapatao 30 walifariki. Meli ya Liemba iligeuzwa kuwa daraja la kuwaleta watu Kigoma mjini. Katika majuma yale ilieleweka kwamba kumfundisha daktari peke yake hakufui dafu. Anayechota maji, anayepika, anayemsafisha mgonjwa na anayezika, kila mmoja alipaswa kujua kunawa na kutumia maji yenye klorini. Kipindupindu hujitangaza kwa vilio na vifo vya siku moja, ndiyo maana kila mtu alisikiliza. Homa ya ini B huingia kimya, dalili zake huweza kuchukua miezi miwili au mitatu hata kuonekana, na wakati huo zamu iliyofanya kosa imeshasahaulika. Marburg iliyozuka katika mkoa jirani wa Kagera mwaka 2023, ikiwapata wahudumu wa afya pia, iliamsha tena mafunzo ya kinga kwa kitambo. Mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha, na ndoo nyingi za kunawia zikakauka.

Mgonjwa mwenyewe ana nafasi gani? Wengi wanaoanza matibabu Kigoma hufika wamechelewa, na huwekewa mrija wa shingoni kwa kuwa hakuna muda wa kungoja mshipa wa mkononi uunganishwe na kukomaa. (Muunganiko huo nao huitwa fistula, usichanganywe na fistula ya uzazi, wapo waliokataa upasuaji kwa aibu ya jina hilo.) Mrija huleta maambukizi mengi zaidi kuliko fistula. Mwenye mrija asioge ziwani, asizamishe kifua majini hata kama ni mvuvi wa miaka 40 na ziwa ndilo bafu lake; bandeji ikilowa arudi kitengoni, asiibadilishe kwa kipande cha kanga. Akipata homa au baridi ya kutetemeka, iwe saa za mashine au usiku wa manane nyumbani, asingoje siku ya zamu yake wala asinunue vidonge vya malaria dukani. Huenda bakteria wamo katika damu.

Kisha kuna haki ya kuuliza, ambayo katika mila za pwani ya ziwa si nyepesi. Mzee wa Ujiji hatamwambia muuguzi, "Hujanawa." Ataona ni kumvunjia heshima mtu aliyeshika uhai wake. Lakini anaweza kusema, "Shikamoo sista, tuanze na mikono leo?" na muuguzi aliyefundishwa vyema atajibu, "Marahaba baba, umenikumbusha," hata kama umri wao ni wa kinyume na salamu itabidi igeuzwe. Muuguzi anayekasirika kwa swali hilo hajamaliza mafunzo yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni fedha. Wana haki kwa sehemu. Kumfundisha mtu kubadilisha glovu kwa kila mgonjwa na kumpa boksi moja la glovu kwa wiki ni dhihaka. Glovu, sabuni, maji na kitakasa mikono lazima viwe ndani ya gharama ya kila kikao, visihesabiwe kama msaada unaongojwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinachokosekana hainunuliwi dukani. Kuanzia mwaka 2009 vituo 17 vya kusafisha damu nchini Marekani vilifuata utaratibu wa pamoja: kuwatazama watumishi wakinawa na wakifungua mirija, kuandika kilichoonekana, kuwarudishia matokeo kila mwezi, kuwapima kwa vitendo, na kuwaelimisha wagonjwa. Maambukizi ya damu yaliyotokana na mirija na sindano yalipungua kwa zaidi ya nusu. Chombo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa karatasi yenye visanduku vya kuwekea alama, na mtu wa kuishika.

Mtu huyo apatikane. Vyuo vikuu vya tiba, badala ya kuwaita watumishi wawili wa Kigoma waje Dar es Salaam, viwapeleke wakufunzi Kigoma kwa wiki mbili, wasimame penye viti zamu zote, warudi tena baada ya miezi sita. Muuguzi mmoja wa kitengo apewe kazi ya kutazama, na asihamishwe kabla ya kumwandaa mrithi wake. Na mkataba wa usafi utakapotiwa saini tena, kiongezwe kifungu kimoja kwamba hakuna atakayeingia kitengo cha kusafisha damu na ndoo kabla ya kuoneshwa kufuta kiti kimoja kuanzia juu hadi chini, na kabla ya yeye mwenyewe kukifuta kimoja huku muuguzi akimtazama na kuandika jina lake kwenye daftari.